Mashine ya Kuchomelea Gari Moja

Henry Muthoka alipaka magari rangi kwa miaka thelathini na minne mjini Machakos, na kwa muda huo wote hakuwahi kushika mashine ya kuchomelea. Wengine walikata chuma na kukiunga, wengine walinyoosha mabati yaliyobonyea, kisha gari lililetwa kwake likiwa na mabaka ya kijivu, naye akalitoa liking'aa. Kazi yake ilijulikana kutoka Kathiani hadi Masii. Mwenye kiwanja alipotaka kujenga ghorofa, Muthoka alifunga karakana, akahamishia kompresa zake mbili za kupulizia rangi nyumbani Katoloni, akaanza kufuga kuku na kupokea wateja wachache wa zamani ambao hawakutaka mtu mwingine aguse magari yao.

Kwa hiyo mkewe, Kalunde, alishangaa siku alipomsikia akisema anatafuta mashine ya kuchomelea ya kutumia hapo nyumbani. Alimkumbusha kwamba mji mzima umejaa mafundi wa kuchomelea. Muthoka akajibu kwamba amechoka kutegemea watu. Kalunde akamtazama kidogo, akaendelea kuchambua maharagwe yake.

Sababu yenyewe ilikuwa nje, kando ya banda la kuku, imefunikwa turubai. Ilikuwa Pijo 404 ya rangi ya maziwa, mali ya Mwalimu Winfred wa Mumbuni.

Gari hilo lilinunuliwa na marehemu mume wake, Musembi, enzi ambazo mtu mwenye Pijo alihesabiwa kuwa amefika. Musembi alipofariki, Mwalimu aliliacha kwenye gereji miaka mingi. Kisha binti yao Lavender akaposwa, naye akasema kama baba hayupo wa kumpeleka kanisani, basi angalau gari la baba limpeleke. Majuma matatu kabla ya harusi, Mwalimu Winfred akamletea Muthoka gari hilo alitengeneze. Huyu mama ndiye aliyemfundisha mtoto wa Muthoka, Ndeti, wakati walimu wengine walikuwa wamekata tamaa naye, na kwa ajili hiyo Muthoka alimheshimu kuliko mteja yeyote.

Injini ilikuwa salama. Ubaya ulikuwa chini. Gari la namna ile halina fremu ya peke yake kama lori. Mwili wenyewe ndio unaobeba uzito, na sehemu kubwa ya uzito huo hukaa kwenye ukingo mnene wa bati unaopita chini ya milango, hapo ambapo jeki huwekwa. Muthoka aliugonga ukingo wa kushoto kwa bisibisi, na bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini. Kutu ilikuwa imeula kutoka ndani. Dawa yake aliijua, tena ni moja tu: kukata sehemu yote mbovu na kuchomelea bati jipya.

Lakini fundi wa kuchomelea waliyekuwa wakishirikiana karakana alikuwa ameenda matanga Ndithini, na aliporudi, transfoma ya mtaa ikaungua na umeme ukakosekana siku nne. Harusi ilikuwa Jumamosi. Alhamisi asubuhi Mwalimu alipiga simu kuuliza kama wataaibika mbele ya wakwe, Muthoka akamwambia asiwe na wasiwasi. Baada ya simu hiyo alichukua magazeti ya zamani, akayakunjakunja na kuyashindilia ndani ya ukingo mpaka ukajaa. Juu ya magazeti akatandaza waya wa kuku, juu ya waya akapaka puti, ule ujiuji wa kujazia mabonde ya bati unaogandia kuwa mgumu, akaisugua kwa msasa mpaka mkono haukuweza kujua chuma kinaishia wapi na puti inaanzia wapi. Upande wa chini akapaka lami nyeusi. Kisha akawasha kompresa yake ya petroli na kupiga rangi.

Alijiambia kwamba harusi ikiisha angempigia Mwalimu simu alirudishe gari, alifanye inavyotakiwa. Alijiambia hivyo kwa moyo wote. Jumamosi, Lavender aliposhuka kwenye gari la baba yake mbele ya kanisa, wanawake walipiga vigelegele, na Mwalimu Winfred akamshika Muthoka mkono mbele ya watu, akalia. Baada ya hapo simu ile ya kumwambia alirudishe ikawa nzito. Ukapita mwezi, ukapita mwaka, na hata ikafika miaka mitatu, Muthoka bado anajiambia kwamba atampigia wiki ijayo.

Mwezi wa Machi, mdogo wake Mwalimu, Kitonga, alilichukua gari hilo kupeleka mbegu za ndengu shambani kwake Katangi. Njiani gurudumu la mbele la kushoto likapata pancha. Kitonga akaweka jeki chini ya ukingo, akainua gari, akatoa gurudumu. Alipokuwa akisogea kuchukua spea, ukingo ukabomoka, jeki ikazama ndani yake, na gari likashuka lote. Ngoma ya breki ilitua juu ya mguu wake. Madaktari waliuokoa mguu, ila vidole viwili vilikatwa, na kifundo kikaungwa kwa skrubu.

Muthoka alienda kumwona hospitalini siku ya tatu, amebeba machungwa. Alimkuta Kitonga akimsimulia dada yake tena jinsi ilivyokuwa. Alisema aliweka jeki vibaya, kwamba hajazoea magari ya zamani, kwamba alikuwa na haraka. Mwalimu Winfred alikuwa hajalala vizuri siku tatu, na kwa uchovu wake akamwambia kaka yake kwamba yeye tangu utotoni hufanya kila kitu mbiombio. Kitonga akainamisha kichwa. Aliomba msamaha kwa kuharibu gari la shemeji yake. Kisha akamgeukia Muthoka.

"Wewe ndiye unaijua hiyo gari. Jeki huwa inawekwa wapi kabisa?"

Muthoka alikuwa anamenya chungwa. Angeweza kusema pale pale. Watu walikuwa watatu tu, na mlango ulikuwa umefungwa.

"Hizi gari ni za zamani, Kitonga," alisema. "Mambo hutokea."

Siku zilizofuata, alipojaribu kupima ni lipi kati ya makosa yake lililo zito, aliona ni hili la pili. La kwanza alilifanya kwa haraka, peke yake, na gazeti mkononi. Hili alilifanya mtu akimtazama machoni, mguu wake umening'inizwa kwa kamba. Tangu siku hiyo hakuweza kula chungwa.

Wiki mbili baadaye Mwalimu Winfred alimpigia simu. Ndugu zake walimshauri aliuze gari kwa watu wa vyuma chakavu, lakini alikataa. Alisema litavutwa mpaka Katoloni, kwa sababu hakuna mtu mwingine anayelijua kama Muthoka. Na Muthoka, badala ya kumwambia ukweli, akamwambia alilete.

Sasa lilikuwa pale chini ya turubai, na yeye alijua vizuri nini kingetokea akimpa fundi mwingine. Grainda, ile mashine ya kukatia chuma, ingegusa ukingo, puti ingeanguka, magazeti yangetoka, na kufikia jioni kila karakana ya Machakos ingekuwa na habari. Ndiyo maana alitaka mashine yake mwenyewe. Alitaka kufungua lile kaburi peke yake na kulifunga peke yake.

Alianzia kwenye duka la vyuma karibu na stendi. Muuzaji, kijana mchangamfu aliyeitwa Rodgers, alimtolea mashine ndogo ya rodi, inayochomea kwa kijiti cha chuma, nyepesi kama redio, akasifu kwamba inaweza kuchoma hata reli ya treni. Muthoka alikuwa amekuja na kipande cha bati la mlango wa gari, kwa sababu fundi wa rangi hanunui rangi bila kuijaribu, na aliona chuma nacho kitakuwa hivyo. Walitoka hadi barazani, Rodgers akaiwasha. Mara ya kwanza rodi ilinata kwenye bati ikakataa kutoka. Mara ya pili iliwaka vizuri, na mahali ilipowaka bati likatoweka, likabaki tundu la ukubwa wa kifungo cha koti. Rodgers akasema labda anahitaji iliyo na nguvu zaidi. Muthoka hakuwa fundi wa kuchomelea, lakini hilo halikumwingia akilini. Alishukuru, akarudi nyumbani na bati lake lenye tundu.

Kesho yake alienda kwa Kanini. Huyu alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwenye kibanda cha kutengeneza mageti na madirisha kwenye barabara ya Kitui. Kabla ya hapo aliunda bodi za mabasi Nairobi kwa miaka tisa, na mafundi wengi wa mjini, hata wanaume waliomzidi umri, walimpelekea kazi iliyowashinda. Muthoka alimwonyesha lile bati, akamwambia tu kwamba anataka mashine ya nyumbani.

Kanini aliinua bati, akachungulia barabara kupitia kwenye lile tundu.

"Watu wakienda kununua mashine huuliza inapanda mpaka wapi," alisema. "Ya geti, sawa. Ya bodi ya gari, wewe uliza inashuka mpaka wapi."

Alimweleza taratibu, mkono mmoja umeshika kikombe cha chai. Mashine ya rodi ni ya chuma kinene. Bati la gari halifiki hata unene wa sarafu, na linataka moto mdogo unaoweza kupunguzwa kidogo kidogo. Kwa hiyo atafute mashine ya mig, ile inayosukuma waya yenyewe kutoka ndani, na waya wenyewe uwe mwembamba kabisa. Zipo zinazotumia waya wenye unga ndani, hazihitaji mtungi wa gesi. Hizo ni rahisi kubeba na hazisumbuliwi na upepo, ila zina moto mkali na hutema cheche nyingi, na kwa mtu anayejifunza zitatoboa tu kama ile rodi. Afadhali atumie gesi. Kisha akamuuliza kuhusu umeme wa nyumbani: wakipiga pasi, taa hufifia? Muthoka akakiri kwamba hufifia. Basi, Kanini akasema, asichukue kubwa inayotaka umeme wa kiwanda. Achukue ndogo inayotosheka na soketi ya ukutani, na waya wa kurefusha umeme uwe mnene, usiachwe umeviringwa, maana utapata joto na kuyeyuka. Kuhusu mashine ndogo kuchoka haraka, hilo lisimtishe, kwa sababu bodi ya gari haichomwi mfululizo. Unaweka nukta, unangoja ipoe, unaweka nyingine mbali na ile ya kwanza, la sivyo bati linajikunja kama chapati.

Halafu akauliza, "Ni gari ngapi unataka kufanya?"

"Moja."

"Mashine nzima kwa gari moja? Lete hapa, mzee. Siku tatu nimekupatia."

Muthoka akasema amestaafu, anatafuta kitu cha kufanya na mikono. Uongo huo ulitoka laini, hata yeye mwenyewe akashangaa. Kanini alimtazama mikono, akamtazama uso, akarudi kwenye geti lake.

Rodgers alimwagizia mashine aliyoelezwa, na Muthoka akauza kompresa yake moja ili kuipata. Ilikuwa nyekundu, ya kimo cha ndoo ya maji, inayokubali waya wa gesi na ule wa unga, na kitufe chake cha kupunguza moto kilishuka chini sana. Alikodi mtungi wa gesi, akanunua kofia ya kukinga uso na glavu za ngozi, akapata milango miwili ya gari bovu kwa watu wa vyuma chakavu. Kanini alikuwa amemwonya asijifunzie mabati ya nyumba, kwa sababu moshi wa zinki iliyopakwa juu yake humwangusha mtu kitandani.

Kwa majuma matatu, kila asubuhi baada ya kulisha kuku, alikata vipande na kuviunga. Mwanzoni alitoboa. Baadaye alibandika vinundu ambavyo vilionekana vizuri lakini vikabanduka kwa nyundo. Kisha siku moja mashine ikatoa sauti ambayo Kanini alimwambia aisikilizie, sauti ya kitunguu kikianguka kwenye mafuta moto, na vipande viwili vikawa kimoja. Alivipiga nyundo, vikakunjika bila kuachana. Muthoka alikaa juu ya ndoo akavitazama kwa furaha. Ghafla akamkumbuka Kitonga, ambaye wakati huo alikuwa anajifunza kutembea kwa magongo, na furaha ile ikamtia aibu.

Hatimaye alifungua gari. Alitoa betri, akatoa tangi la petroli, akang'oa zulia, akaweka magogo manene chini ya gari. Grainda ilipopita kwenye ukingo, puti ilianguka kwa mabamba makubwa. Magazeti yalitoka yamelowa, ya rangi ya chai, na bado maandishi yalisomeka: matokeo ya mpira, tangazo la mbolea, picha ya mtu akikata utepe. Aliyajaza kwenye gunia pamoja na puti na ule waya wa kuku, akaliweka nyuma ya banda akisubiri kulichoma moto. Upande wa kulia pia alikuta amefanya vilevile. Alikuwa amesahau. Jambo hilo la kusahau lilimtisha.

Alikata bati jipya, akalipima, akaanza kuchomelea, na kazi ikaharibika. Kila nukta ilitoka na vitundu kama mkate. Alipunguza moto, akaongeza, akabadilisha waya, vitundu havikuisha. Alihangaika siku mbili, kisha akampigia Kanini.

Kanini alikuja Jumapili alasiri, bado amevaa nguo za kanisani. Hakuhitaji hata kuwasha mashine. Alilowesha kidole, akakiinua juu, akasema upepo wa vilima vya Iveti unaipeperusha gesi kabla haijafanya kazi. Wakasimamisha mabati mawili ya zamani kuwa ukuta. Kanini alizunguka nyuma ya banda kutafuta la tatu, akakawia kurudi. Aliporudi, alikuwa ameshika bamba la puti lenye waya wa kuku, upande mmoja limepakwa rangi ya maziwa, laini kabisa.

"Hii ni kazi ya nani?" aliuliza.

Muthoka alifungua mdomo kusema ni ya fundi fulani wa zamani. Jina hata lilikuwa tayari ulimini. Lakini rangi ile, mtu yeyote wa Machakos aliyewahi kushika gari angejua ni ya mkono wake.

"Ni yangu," alisema.

"Na hii ndiyo gari ilimwangukia yule mzee wa Katangi."

"Ndiyo hii."

"Anajua?"

"Hajui. Anafikiria ni yeye aliweka jeki vibaya."

Kanini aliliweka lile bamba juu ya boneti polepole. Hakumgombeza. Alivua viatu vyake vya kanisani, akaazima gumbuti za Kalunde, akamwonyesha namna ya kushika bunduki, ule mdomo unaotoa waya na gesi, ikiwa imeinama kidogo ili gesi isikimbie. Walifanya kazi saa nzima. Alipokuwa anaondoka, alisema tu kwamba hatarudi kama yule mzee hajaambiwa. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja siku ambayo hafungui duka.

Jioni hiyo Muthoka alimweleza Kalunde kila kitu. Kalunde alisikiliza mpaka mwisho, akasema amekuwa akijua kuna kitu tangu siku ya machungwa, kwa maana mtu hawezi kuacha chungwa bila sababu. Asubuhi alimpigia pasi shati, taa zikafifia, na Muthoka akaondoka.

Kitonga alikuwa akiuguzwa kwa dada yake Mumbuni. Muthoka aliwakuta wote wawili sebuleni, mguu wa Kitonga umewekwa juu ya stuli. Muthoka alikuwa amelibeba lile gunia. Mwalimu alimkaribisha chai, akaikataa, na hapo Mwalimu akajua kuna jambo, kwa sababu Muthoka hajawahi kukataa chai yake. Alilifungua gunia mbele yao, akatoa bamba la puti, akatoa magazeti, akasimulia tangu transfoma ilipoungua. Hakuruka kitu. Hata habari ya hospitali aliisema.

Kitonga alichukua moja ya magazeti yale, akaligeuza geuza.

"Kwa hivyo jeki niliweka mahali pake," alisema.

"Uliweka mahali pake kabisa."

"Na pale hospitali ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Kitonga alilishusha gazeti magotini. Machozi yalimtoka bila kelele, na hakuyafuta. Mwalimu Winfred aliinuka, akaenda jikoni, akakaa huko muda mrefu, na maji yakasikika yakifunguliwa na kufungwa. Aliporudi hakumtazama Muthoka. Alipiga magoti mbele ya ile stuli, mwanamke wa miaka sitini na tisa, akamshika kaka yake mkono.

"Nisamehe, mwana wa mama," alisema. "Nilikulaumu miezi mitatu."

Muthoka alitamani ardhi immeze. Alikuwa amekuja akijua ameharibu mguu wa mtu. Hakuwa amefikiri juu ya haya mengine: chakula kilicholiwa nyumba ile bila mazungumzo, na mzee mzima akiishi kwa dada yake kama mtoto aliyevunja chungu.

Baada ya muda Mwalimu aliinuka, akaketi, akamuuliza kwa sauti ileile ya darasani, "Ni gari yetu tu ulifanya hivyo?"

"Iko ingine moja, Mwalimu."

"Basi hiyo utajua wewe na mwenyewe. Yetu umalize kuchomelea, na huyo mama fundi akague kila mahali. Ukimaliza unipigie simu. Rangi usiguse."

Neno hilo la mwisho lilimchoma kuliko matusi ambayo angetukanwa.

Kazi ilichukua wiki saba. Alijenga kingo zote mbili upya, pande tatu za kila ukingo, nukta kwa nukta, akingoja bati lipoe. Kanini alikuja kila Jumapili na nyundo ndogo. Alipokuta mahali pasipoaminika alipazungushia chaki, na Muthoka akakata mahali hapo na kuanza tena. Siku moja Kitonga naye alikuja, ameshika fimbo moja sasa badala ya magongo mawili. Alikaa kwenye kigoda karibu na ukuta wa mabati akaangalia mpaka Muthoka alipovua kofia.

"Ya harusi naelewa," Kitonga alisema. "Stima hakuna, watu wamealikwa. Hata mimi labda ningefanya. Ya hospitali ndiyo sielewi."

"Niliogopa."

"Mimi pia niliogopa, Muthoka. Kila siku niliogopa dada yangu. Na hao kuku wako walikuwa wanakula vizuri tu."

Kitonga alikaa kidogo zaidi, akauliza maswali mawili matatu kuhusu mashine, akaenda zake. Hakusema amemsamehe, na Muthoka hakuthubutu kumwomba.

Mwalimu Winfred alimtuma dereva kulichukua gari likiwa la kijivu, halijapakwa rangi. Lilipigwa rangi kwingine. Muthoka aliliona miezi miwili baadaye limeegeshwa nje ya kanisa, na kutoka ng'ambo ya barabara aliona rangi ya maziwa imeingia unjano kidogo, na mlango wa nyuma haulingani na wa mbele. Angeweza kuichanganya rangi ile akiwa amefumba macho. Alisimama hapo kama mtu aliyekuja msibani bila kualikwa, kisha akaendelea na safari yake.

Lile gari lingine lilikuwa Datsun pikapu ya buluu, ya kijana Musili wa Syokimau, aliyependa magari ya zamani. Muthoka alikuwa ameijaza puti miaka sita iliyopita, kwenye sakafu upande wa dereva. Alimpigia simu, akamweleza, akasema amletee Katoloni au yeye mwenyewe ataifuata na mashine yake. Musili akasema aliiuza. Mnunuzi walikutana mtandaoni, alitoka upande wa Emali, na namba yake ilipotea pamoja na simu ya zamani. Musili aliweka tangazo kwenye makundi ya wapenda magari ya zamani. Mpaka leo hakuna aliyejibu.

Watu wengine wameanza kumletea Muthoka magari ya kuchomelea, kwa sababu Kanini huwatuma. Huyafanya nyumbani nyuma ya ukuta wake wa mabati, na hukataa kuyapaka rangi. Kalunde husema sasa anafanya kazi polepole mno.

Mwezi uliopita alikuwa Kyumbi, kwenye njia panda, akingoja usafiri. Datsun ya buluu ikaegeshwa upande wa pili, dereva akashuka kununua mahindi ya kuchoma. Muthoka alivuka barabara karibu agongwe. Bila hata kutazama namba ya usajili, alipiga magoti kando ya mlango, akaingiza mkono chini, akagonga sakafu kwa ufunguo wa nyumba. Ilitoa mlio wa chuma kizima, kisicho na puti. Alisikia sauti juu yake ikiuliza anatafuta nini.

Aliinuka, magoti yana vumbi, akamweleza yule mtu kwamba anatafuta gari kama hili, la buluu, lililopita mikononi mwake, na kwamba si hili. Mtu huyo alimtazama, akamenya ganda la hindi lake, akamuuliza namba ya usajili. Muthoka aliitaja. Yule akasema hajaiona, ila huenda Emali kila wiki, na ataangalia. Muthoka akamwandikia namba yake ya simu kwenye kipande cha karatasi, akarudi ng'ambo kungoja.